Pipa la Bi Ardis: Leo Sumu, Jumamosi Chakula

“Usifungue!”

Neno hilo ndilo tulilolala nalo wiki nzima. Marlys Kvamme, karani wa taka wa kiwanda cha Pribyl, amesimama mlangoni mwa ghala, mkono juu, kofia ya sufu imemteremkia mpaka kwenye nyusi. Mkaguzi wa jimbo, Bwana Arceneaux, ameshatia spana kwenye kifuniko cha pipa. Pipa la bluu. Pipa lisilo na lebo. Na kwenye karatasi za Marlys, pipa hilo halipo duniani.

“Nisifungue kwa nini?” mkaguzi akauliza.

Marlys akafungua mdomo, ukatoka mvuke mtupu. Ghala lile lina baridi kuliko nje.

“Kwa sababu... linanuka.”

“Dada yangu, mimi nimekagua viwanda vya gundi.” Akazungusha spana.

Puu!

Bwana Duane Pribyl, mwenye kiwanda, alikuwa anatafuna donati. Aliitema kwenye glovu yake na hakuitazama tena. Miwani ya mkaguzi iliingia ukungu. Alipoifuta, aliona vipande vyeupe vinavyong’aa, vimelala ndani ya maji mazito, na kila mtu alipopumua, navyo vilitikisika.

“Marlys,” Duane akasema polepole, “kitu gani hicho?”

Wewe uliyeanza nasi tangu mwanzo unakijua. Wewe uliyefungua gazeti leo, ngoja nikunong’oneze haraka. Hao ni samaki. Ni samaki wakavu waliolowekwa kwenye magadi makali mpaka wakawa kama jeli. Wakishaiva kwa magadi hutiwa kwenye maji safi siku kadhaa ili ukali utoke, halafu huchemshwa na kumwagiwa siagi. Wanaitwa lutefisk, na watu huja kutoka vijiji vyote kuwala, na wakiulizwa husema, “Siyo mbaya.” Huku kwetu Minnesota siyo mbaya ndiyo sifa ya mwisho, juu yake hakuna nyingine.

Wenye samaki ni kanisa. Mpishi wao mkuu ni Bi Ardis, mama mkwe wa Marlys. Siku zote walilowekwa kwenye sela ya kanisa, kile chumba cha chini ya ardhi, lakini mwaka huu sinodi, makao makuu ya makanisa yetu, imetuletea mchungaji mpya kutoka jangwa la Arizona, Mchungaji Brent, naye baridi haiwezi. Amewasha hita mpaka sela imekuwa kama tanuri la mikate. Ndipo Bi Ardis alipomwambia mke wa mwanawe, “Wewe si una ghala la baridi lenye kufuli?”

Basi Marlys akakubali. Nani amewahi kumkatalia Bi Ardis?

Karamu ni Jumamosi. Leo ni Jumanne, na leo hii samaki lazima watoke kwenye magadi. Wakilala humo usiku mmoja zaidi, kanisa litakula sabuni. Na Duane naye alishaapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba ukaguzi ukiharibika tena, karani wa taka akatafute kazi ya kuuza tikiti za sinema.

Kwa hiyo Marlys alitakiwa alitoe pipa lile mle ndani, leo, kwa halali. Akishindwa, hana kazi wala hana mama mkwe. Cha pili ndicho kilichomtisha.

Mkaguzi akachovya kikaratasi chake cha kupimia. Kikageuka bluu, kikapita bluu, kikawa zambarau.

“Magadi makali,” akasema.

“Ni letu hilo!” Duane akadakia. “Tope la matangi! Si ndiyo magadi tunayovulia rangi vyuma vya matrekta? Marlys, umesahau kuliandika pipa zima?”

“Siyo la kwetu, bosi.”

“La nani basi?”

Marlys akaivuta kofia mpaka machoni.

“Sheria ni moja,” mkaguzi akasema, akachomoa lebo ya njano kwenye mkoba. “Pipa lisilo na jina ni taka hatarishi mpaka mtu anithibitishie vinginevyo. Bandika.”

Marlys akaipokea kwa vidole vilivyokufa ganzi, akaibandika mwenyewe, akailaza vizuri kwa kiganja. TAKA HATARISHI. Haikuwa na hata kunyanzi moja. Kazi yake alikuwa anaijua, na hiyo ndiyo ilikuja kumponza.

“Sasa niambie,” mkaguzi akasema, kalamu mkononi, “nini kimo humu?”

“Chakula,” Marlys akasema.

Duane alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona mwenzake hacheki.

“Chakula cha nani?” mkaguzi akauliza kwa upole, kama anaongea na mgonjwa.

“Cha kanisa.”

“Dada, kuna maswali manne. Nayauliza kwa kila kitu, hata kama ni chakula cha malaika. Kinawaka moto?”

“Ukizidisha siagi.”

“Kinakula chuma?”

Marlys akasita. Uongo haukuwa fani yake. “Chuma hapana. Vijiko vya fedha ndiyo. Vinakuwa vyeusi, havitakati tena.”

Mkaguzi akaandika.

“Kinalipuka?”

“Baadaye. Inategemea na tumbo la mtu.”

“Kuna mtu amewahi kufa?”

“Kufa hapana,” Marlys akasema. “Wapo waliotamani.”

Mkaguzi akavua miwani. “Bwana Pribyl, huyu karani wako ana muda gani hapa?”

“Amebakiza dakika chache,” Duane akasema.

Lakini mkaguzi akainua kidole.

“Subiri. Kuna njia mbili za kutaja kilichomo. Ya kwanza ni maabara, na majibu yatachukua wiki mbili.”

“Wiki mbili!” Marlys akalia.

“Ya pili, aliyekitengeneza aje mwenyewe, aeleze hatua kwa hatua alivyokitengeneza, aandike, atie sahihi. Nikiridhika, naondoa jina la taka. Yupo mtu kama huyo?”

Marlys akatoa simu mfukoni.

*

Bi Ardis aliingia ofisini na koti refu la kijivu na bati la keki chini ya kwapa. Ni mwanamke mfupi. Ukimtazama haraka utadhani amepotea njia ya kwenda posta. Usidanganyike. Wachungaji saba wamepita kanisani pale, na wote walikula kwa ratiba yake.

“Hujambo, mwanangu,” akamwambia mkaguzi. “Unatoka wapi?”

“Louisiana, mama.”

“Ah, pole,” Bi Ardis akasema, kisha akafungua bati. “Kahawa?”

“Asante, naomba.”

Duane akatazama dari. Marlys akatazama viatu. Msomaji, huku kwetu kahawa hukataliwa mara mbili. Unasema usisumbuke, unaombwa, unasema labda tone tu, unaombwa tena, ndipo unapokea kikombe kilichojaa. Huyu bwana alipokea papo hapo, na akaweka sukari.

“Tofauti kidogo,” Bi Ardis akasema taratibu. Hilo, kwetu sisi, ni tusi.

“Mama,” Marlys akaingilia haraka, “mweleze bwana mkaguzi jinsi unavyowatengeneza samaki. Aandike tu, tuwachukue.”

“Naanza. Samaki wangu wanatoka Norway, wakavu kama kuni. Nawapiga na nyundo. Nawalowesha majini. Halafu magadi.”

“Magadi kiasi gani?” mkaguzi akauliza.

Bi Ardis akafunga bati.

“Kwa nini unataka kujua?”

“Lazima niandike, mama. Bila kiasi, siwezi kusema ni nini.”

“Na hiyo karatasi inakwenda wapi?”

“Ofisini kwetu. Inawekwa kwenye faili.”

“Nani anasoma?”

“Yeyote anayetaka. Ni za umma.”

“Yeyote?”

“Yeyote, mama.”

“Hata Verna Holmquist?”

Mkaguzi akamgeukia Marlys. “Verna Holmquist ni nani?”

Marlys akaziba uso kwa mikono. Kanisa letu na kanisa lile la ng’ambo ya barabara yalikuwa kanisa moja enzi za mababu. Wimbo ni mmoja, imani ni moja. Waligawana kwa sababu ya samaki. Hawa walisema siagi, wale walisema mchuzi mweupe wa maziwa. Na jikoni kwa wale wa mchuzi mweupe anatawala Verna Holmquist, ambaye samaki wake huvunjikavunjika kila mwaka kwa kutojua kiasi cha magadi.

“Afadhali mniue,” Bi Ardis akasema. “Kiasi hicho alinipa mama yangu akiwa kitandani, akanong’ona kwenye sikio la kulia kwa sababu la kushoto shangazi alikuwa karibu nalo. Nije nikiweke kwenye faili, Verna akisome na miwani yake ile?”

“Mama, hii ni kazi yangu,” Marlys akasema kwa sauti ndogo.

“Kazi zipo nyingi.”

“Na samaki ni wako. Watachomwa.”

Hapo Bi Ardis akalivuta bati karibu. Nje ilisikika injini nzito ikirudi nyuma kwa mlio wa pii, pii, pii. Lori la taka lilikuwa limefika, kama lifikavyo kila mwezi. Hakuna aliyegeuka.

“Tujaribu njia nyingine,” mkaguzi akasema. “Mama, kama ni chakula, onja kidogo mbele yangu.”

“Nionje leo? Una wazimu? Utumbo utanitoka!”

“Kwa hiyo ni sumu.”

“Leo ni sumu. Jumamosi ni chakula.”

“Na siku gani hasa inaacha kuwa sumu?”

Bi Ardis akafikiri kwa haki kabisa. “Alhamisi jioni hivi.”

Mkaguzi aliweka kalamu mezani. Alikuwa mtu mwenye subira, lakini hakuna ukurasa wa kitabu chake uliosema kitu kinaweza kuwa taka Jumanne na kitoweo Jumamosi.

“Na maji yake ya magadi,” akauliza kwa uchovu, “huwa mnamwaga wapi?”

“Nyuma ya kanisa. Tangu bibi yangu. Pale hatukati nyasi.”

“Kwa nini hamkati?”

“Hazioti.”

“Kaka, ongeza kahawa!” Duane akapiga kelele, akammiminia mpaka kwenye sahani. Alikuwa ameanza kuelewa. Pipa likiwa la kanisa, ghala lake ni safi, na ukaguzi unapita. Ghafla Duane Pribyl akawa mtetezi wa samaki. “Karani wangu huyu asingedanganya! Hata mimi huwala. Siyo mbaya!”

“Si dakika hii ulikuwa unanifukuza?” Marlys akauliza.

“Nilikuwa nakutania, dada.”

Mkaguzi akatazama kitabu chake. Akatazama kikombe. Akamega kipande cha keki ya Bi Ardis, akakitafuna, na kitu usoni mwake kikalegea.

“Kwetu tuna kamba wa matopeni,” akasema. “Nyanya yangu pia alikufa na kiasi chake cha pilipili.” Akavuta karatasi. “Sheria inasema mtengenezaji aeleze kiasi. Haisemi kwa kipimo gani. Mama, kwa mfano, ungeweza kusema unatia magadi... ya kutosha?”

Bi Ardis akamtazama kwa mara ya kwanza kama binadamu.

“Ya kutosha,” akakubali. “Ndiyo kiasi chenyewe hasa.”

“Na maji yamwagwe kwenye tangi la kiwanda, siyo nyuma ya kanisa.”

“Tutaona.”

“Mama!”

“Haya, kwenye tangi.”

Sahihi ikatiwa. Mkaguzi akaandika lebo mpya nyeupe kwa herufi kubwa: CHAKULA, MALI YA KANISA. Marlys akaketi. Kazi anayo. Samaki anao. Mama mkwe anaye.

“Nileteeni mimi hiyo lebo, nikaibandike mwenyewe!” Duane akasema, akatoka nayo mbio kwa furaha. Vijana wawili wa kanisa walishafika na pikapu yao kumchukulia Bi Ardis mzigo.

Marlys alitaka kwenda naye. Lakini mkaguzi alikuwa amesimama, amepiga magoti yake makofi, akasema, “Haya, basi.” Na kwetu, mtu akisema haya basi, kuaga kumeanza.

Waliaga mezani. Bi Ardis akamfungia keki. Mkaguzi akakataa, na safari hii alikataa mara mbili, Bi Ardis akamtazama kwa fahari kama mwalimu. Waliaga mlangoni, wakazungumza juu ya theluji. Waliaga kwenye korido, wakazungumza juu ya goti la Bi Ardis. Walipofika kwenye gari la mkaguzi walianza kuzungumza juu ya theluji upya. Katikati ya hayo lori la taka liliwapita likipiga honi, na wote watatu, kwa adabu, walilipungia mkono.

Duane akarudi akipangusa mikono.

“Tayari! Nimebandika, vijana wamebeba, wameshaondoka.”

“Asante, mwanangu,” Bi Ardis akasema. “Hawakuumia mgongo?”

“Wapi! Wamelinyanyua wawili tu, kama kikapu.”

Marlys alikuwa anacheka. Akaacha.

Pipa lile la samaki walilishusha watu wanne na bado mume wa Marlys alilala na chupa ya maji ya moto mgongoni.

Hakuaga tena. Alikimbia mpaka ghalani, wenzake nyuma yake. Ndani kulikuwa na sakafu tupu na harufu.

“Bosi. Ulibandika lebo kwenye pipa gani?”

“Kwenye lile lililokuwepo. Moja tu, pale kwenye kona.”

“Kwenye kona?”

“Mengine yote dereva alishapakia. Alisema ulimwambia asubuhi achukue yote yenye lebo ya njano, aache la kona kwa sababu bado halijajaa. Kijana mzuri, kazi yake safi.”

Marlys aliona kiganja chake mwenyewe kikiilaza lebo ya njano, bila hata kunyanzi moja, kwenye pipa la bluu. Samaki walikuwa kwenye lori. Walikuwa wanakwenda kuchomwa kwenye tanuri la jimbo jirani.

“Lakini lile la kona lilikuwa na jina lake,” akasema. “Tope la tangi. Niliandika kwa mkono wangu.”

“Niliona kuna kilebo,” Duane akasema. “Nilibandika juu yake. Imekaa vizuri sana.”

Bi Ardis akashika mlango.

Simu ya Marlys ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti, umeingia wakati wakizungumza juu ya goti. Alikuwa Joyce wa jikoni kanisani, mwenye kupaza sauti hata kwenye simu.

“Mwambie Ardis mzigo umefika! Tofauti kidogo mwaka huu. Ni wa kijani. Nilitaka kukoroga kwa lile pawa la alumini, limeingia na halijatoka. Lakini usiwe na wasiwasi, Mchungaji Brent yupo kule selani, anasema ameahidi kula chochote atakachopewa na waumini wake. Amevaa aproni. Nimemwambia bado siku nne, anasema imani haingoji Jumamosi. Nashuka kumpelekea uma.”

Marlys akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Sela ile haina mtandao, na kila mtu mjini anajua hivyo isipokuwa mtu wa Arizona.

“Gari!” mkaguzi akapiga kelele.

Gari la mkaguzi lilikuwa limezibwa na la Duane, na la Duane halikuwaka, kama kawaida yake kukiwa na baridi. Likabaki moja, la Marlys. Akashika usukani, Bi Ardis akakaa mbele na bati lake mapajani, mkaguzi akajirusha nyuma juu ya mifuko ya chumvi ya kuyeyushia barafu. Wakaruka nje ya geti, wakateleza mpaka kwenye njia panda, gari likasimama lenyewe kwenye barafu.

Kulia, mnara wa kanisa. Ulionekana vizuri, na chini yake sela, na ndani ya sela mtu wa Mungu mwenye uma.

Kushoto, barabara kuu. Mbali kule, dogo kama kiberiti, lori lilikuwa linapanda kilima na samaki wote wa mwaka.

“Mama,” Marlys akasema, kidole kwenye swichi ya indiketa, “niende wapi?”

Bi Ardis akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akafunga mkanda wake polepole, akaukaza.

“Kushoto,” akasema. “Wachungaji wanaletwa na sinodi.”